Mpinzani Aliyekula Kwetu

Puu. Halafu kimya kirefu. Halafu tena puu, na mabati ya nyumba yetu yanalia kidogo, kama mtu amekanyaga juu yake kwa miguu mitupu. Mpaka leo, mtu akishusha gunia la unga kutoka kwenye lori karibu na mahali ninapouzia mandazi, shingo yangu inageuka yenyewe. Ninakuwa tena mtoto, chini ya mparachichi wa kwetu Nguba, natazama mfuko wa maranda, ule wa kupigia ngumi, ukiyumba.

Usicheke, rafiki yangu. Nikisema Nguba, usifikirie zile nyumba zenye maua zinazotazama ziwa. Sisi tulikuwa Nguba ya nyuma, Nguba ya matope, ambako ukitaka kuliona ziwa ilibidi upande juu ya ukuta wa choo. Pale tuliishi koko, yaani nyanya aliyenilea, na tonton, yaani mjomba wangu, mtoto wake wa mwisho, na mimi. Na tonton alikuwa bingwa wa ngumi.

Bingwa wa mtaa, lakini bingwa. Mechi zilikuwa Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule, kamba zimefungwa kwenye vigingi na watu wamekaa kwenye mteremko bure kabisa, wanakula karanga na kumfundisha kila mpiganaji kazi yake kwa sauti. Tonton hakuwa amepigwa na mtu. Siku za kazi alikuwa fundi wa kujenga, na jioni alirudi na vumbi la sementi kwenye nyusi, anavua shati, anaanza kupiga mfuko wake: pa-pa, puu. Pa-pa, puu. Mbili nyepesi, moja nzito. Koko alichambua maharagi kwa mdundo huo bila kujijua.

Shida ilikuwa jirani. Aliuza vitenge katika duka lililogusana na ukuta wetu. Watu wake walitoka Uvira, na kabla ya Uvira mababu zao walitoka pwani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, na alilijua hilo. Alipenda ngumi kuliko biashara. Ila kumsifu mtu kulimuuma kama jino.

"Nasikia umeshinda tena," alimwambia tonton kupitia juu ya ukuta. "Safari hii umempiga nani?"

"Ule wa Nyangezi, papa. Mutu mukubwa. Uliona mabega yake?"

"Mabega nimeyaona. Tumbo lake umeliona? Yule ametembea tangu alfajiri, hajatia kitu kinywani. Ulipomgusa alikuwa keshaanguka zamani. Wewe umeipiga njaa, mwanangu."

"Na ule soda wa juzi?"

"Yule askari alikuwa na malaria, alitetemeka hata kabla ya kengele. Na yule kinyozi wa kabla yake alisukumwa ulingoni na rafiki zake ili wacheke. Bingwa anapimwa kwa aliowapiga, na wako wote wagonjwa. Basi wewe ni bingwa wa hospitali."

Mtaa mzima ulicheka, na tonton alicheka kuliko wote. Alikuwa hivyo, maneno yalimteleza kama mvua kwenye jani la mgomba. Koko ndiye hakucheka. Aliacha maharagi, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema neno ambalo kwetu halikuwahi kusemwa.

"Ule atakaye kuja kupigana na weye, akuje kulala hapa. Nitamulisha mi mwenyewe. Kisha tutaona kama batasema tena ni njaa."

"Maman, ule ni adui yangu."

"Sasa adui hakulaka? Unataka kupiga mutu ao unataka kupiga kivuli?"

Ndivyo alivyokuja mgeni wetu, mpinzani wa mechi iliyofuata. Alitoka Luberizi, kule bondeni kwa mashamba ya mpunga, akashuka kwenye lori na mfuko mdogo wa mchele kichwani, zawadi ya nyumba. Alikuwa kijana mpana, wa sauti ya chini, aliyeinama kupita mlangoni hata pale ambapo mlango ulimzidi urefu. Koko alimzunguka akimtazama kama anavyotazama kuku sokoni.

"Huyu amekonda," alisema. "Kazi iko."

Na kazi ilianza. Bugali wa muhogo na mahindi, mkubwa kama kichwa cha ndama. Sambaza, dagaa za ziwani, zilizokaangwa mpaka zinalia mdomoni. Sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese na karanga, maharagi yaliyolala jikoni, maparachichi yanayoanguka yenyewe. Hata sasa harufu ya mawese moto inaweza kunisimamisha njiani.

"Ongeza."

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba ya nani? Ongeza."

Watu walikuja kuchungulia, maana habari ilikuwa imefika hadi sokoni: mama wa bingwa ananenepesha adui wa mtoto wake. Jirani aliegemea ukuta, kofia yake imekaa upande. "Mama, mbona unamchimbia mwanao shimo?"

"Weye njo ulisemaka njaa," koko alimjibu, mwiko mkononi. "Sasa nyamaza, uangalie."

Mfuko ulikuwa mmoja, kwa hiyo walipokezana, mgeni asubuhi na tonton jioni. Na asubuhi ya kwanza aliyoupiga ndipo niliposikia ile sauti ninayokuambia. Hakuwa na pa-pa. Alisimama, akavuta pumzi, akapiga moja tu. Puu. Mabati yakalia. Nilimtazama koko, mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo. Nilitazama dirisha la tonton, pazia lilikuwa limefunguka kidogo. Sote watatu tulijua: hii haikuwa ngumi ya mtu mwenye njaa.

Lakini tonton alifurahi, ninakuambia kweli. Alikunywa chai huku akitabasamu kwenye kikombe. "Huyu akinipiga, sawa," alimwambia koko. "Mi nikimupiga, hakuna mutu ataniuliza tena. Ni hii tu nilikuwa natafuta."

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kwamba mgeni alikuwa mtu mwema. Alimchotea koko maji bila kutumwa. Alitengeneza mlango wa banda la kuku. Mimi alinifundisha kupeta mchele, namna ya kuuinua ungo na kuupuliza bila kumwaga, na nikimwaga aliokota punje pamoja nami. Siku moja akiosha sahani alisema kwamba mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, akaendelea kuosha. Tangu jioni ile koko hakumwita tena mgeni. Alimwita mutoto.

Jumapili ya mechi, koko aliwapa wote wawili chai moja na mkate mmoja, akawawekea mikono kichwani, huyu wa kulia, huyu wa kushoto. Kisha akamgeukia yule wa Luberizi. "Mutoto wangu, usimuhurumie ndugu yako. Unasikia? Umupige kabisa."

Alisema kwa moyo wake wote. Nilimwona mgeni ameinamisha macho.

Mteremko ulijaa hadi juu. Jirani, aliyezoea kumwachia kijana wa kazi duka, leo alikuwa amelifunga, jambo ambalo hakulifanya hata siku za sherehe. Kengele ikapigwa, yaani rimu ya gari iliyogongwa kwa chuma. Tonton aliingia kwa pa-pa zake, mwepesi, mzuri, sijawahi kumwona mzuri vile. Mgeni alirudi nyuma, akakinga, akarusha. Watu walipiga kelele, nami nilifumba macho nisikilize. Nilisubiri ile puu. Nilisubiri raundi ya kwanza, nikasubiri ya pili. Ngumi zake zilimfikia tonton, lakini zilifika kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Katika raundi ya tatu tonton alimpata shavuni, na mgeni akakaa chini. Hakuanguka, alikaa. Aliweka mkono mmoja ardhini, akatazama pale koko alipokuwa amesimama na kitenge chake cha misa, na hakuinuka mpaka ikahesabiwa kumi.

Mteremko ulishuka wote uwanjani. Walimbeba tonton juu ya mabega, wakamzungusha, mwalimu wa shule akicheza kama mtoto. Na jirani, yule yule, alivua kofia mbele ya watu. "Leo umempiga mtu," alisema. "Mimi ni shahidi, na sina la kuongeza. Bingwa."

Nilimtafuta tonton juu ya mabega yale. Alikuwa anatazama mkono wake wa kulia, anaugeuza, kama amekuta mkono wa mtu mwingine.

Tulikula pamoja jioni. Tonton hakugusa kitu.

"Kaka, niambie," alisema. "Ulinipatia ushindi?"

"Ulinipiga, kaka."

"Uape kwa mama huyu."

Mgeni alitazama sahani yake. "Ulinipiga," alisema tena.

"Umuache mutoto akule," koko akasema, naye akamwongezea bugali.

Asubuhi mgeni aliteremka kwao bondeni. Tonton aliufungua mfuko kutoka kwenye mti, akamwaga maranda kwenye banda la kuku, na hakupiga ngumi tena maisha yake. Ajabu ni kwamba zamani jirani alipomtukana, tonton alicheka, na sasa jirani alipomsifu, tonton alianza kuumwa. Kila asubuhi ilikuwa "Habari, bingwa?" kwa heshima kamili, kofia mkononi, na tonton akaanza kupita njia ya nyuma, ya matope mengi, ili asisalimiwe. Mara moja tu alinieleza, nilipokuwa nimekuwa msichana. "Kama alinipatia, mi si kitu. Kama hakunipatia, mi niko bingwa wa kweli na sijui. Zote mbili ni mubaya."

Miaka ilikwenda. Koko tulimzika. Jirani alifunga duka akarudi Uvira, na barabara ya huko ikawa ya kufungwa na kufunguliwa kama mlango wa kichaa. Shule niliachia mwaka wa pili wa sekondari, nikaanza mandazi. Mimi ni mtu wa ndoto, utanisamehe: nilikuwa na mpango wa mgahawa kando ya ziwa, viti vya bluu, tonton amekaa mlangoni anasimulia wateja. Badala yake tonton alilala mgonjwa. Miguu ilimvimba, kisha tumbo, na dawa zilizokuwa zikipatikana hazikupatikana tena.

Ndipo vita viliposukuma watu wa bondeni kupanda huku, wakalazwa katika madarasa ya shule. Mteja wangu mmoja alinitajia mtu wa Luberizi, mpana, wa sauti ya chini, ambaye zamani alipiga ngumi. Nilikimbia kumwambia tonton. Alijaribu kukaa.

"Uende umuulize," alisema. "Sasa hana sababu ya kunidanganya. Umuulize tu."

Nilikwenda kesho yake. Nilimkuta katika darasa, amekaa chini ya ubao, mvi zimemjaa, mabega yale makubwa yamebaki mifupa, na wajukuu wanamzunguka. Alinitambua kwa sababu ya koko, alisema nina paji lake la uso. Nilifungua kikapu. Walikula wote, na mimi nilitazama ukuta, maana si vizuri kumtazama mtu anavyokula akiwa na njaa vile. Alipomaliza alinawa, akafuta mikono kwenye suruali, nami nikamuuliza.

"Tonton yako alinipiga," alisema. "Alinipiga kabisa. Umuambie alale muzuri."

Rafiki yangu, nilirudi nikiimba. Nilipanda mlima wote nikiimba, watu wakinitazama, kikapu kitupu kinanipiga pajani. Niliingia, nikapiga magoti karibu na kitanda, nikasema: tonton, amesema ulimpiga, tena kabisa.

Uso wake ulifunguka. Niliuona, hata kama ni kwa muda mfupi, niliuona. Kisha akaniuliza, taratibu, "Ulienda na nini?"

"Bugali na sambaza."

"Alikula mbele, ao alijibu mbele?"

Kwetu hakuna mtu anayekwenda kwa wakimbizi mikono mitupu. Koko alinilea.

"Alikula mbele," nilisema. "Kisha alijibu."

Tonton alicheka kidogo, kicheko kile kile cha siku za bingwa wa hospitali. "Mutu akisha kula ya kwako, atakuambia nini ingine? Weye mutoto wa koko yako," alisema, akanishika kichwa. Kisha aligeukia ukuta, na hakuliuliza tena jambo hilo mpaka alipokufa, mvua zikiwa zimekolea. Nilirudi shuleni, nimpelekee habari ya msiba, na safari hii nimuulize kabla ya kitu chochote. Madarasa yalikuwa matupu. Walikuwa wamehamishwa, wengine walisema wamevuka mpaka, wengine walisema wamerudi bondeni kwa miguu.

Sasa hakuna wa kuulizwa. Mparachichi uliisha kuwa makaa. Uwanja ule una mahema na moshi, kwenye mteremko hakai mtu kula karanga, na vijana ninaowajua hawapigani tena kwa kengele. Ninapotafuta mtu wa kubishana naye kuhusu tonton, hata wa kunikasirisha, simpati. Wote wanakubali, kwa sababu hawakumbuki.

Siku ya mazishi vijana wa mtaa, kwa upendo wao, waliandika msalaba kwa rangi nyeupe. Waliweka jina lake, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko jina, BINGWA. Watu walilia waliposoma. Mimi pia nililia.

Kesho yake nilirudi kaburini peke yangu kabla ya kuwasha moto wa mandazi. Nilichota udongo mbichi kwa vidole, nikaupaka juu ya neno lile, herufi moja moja, mpaka likabaki jina lake tu. Manyunyu yalikuwa yameanza, na B ilikuwa inatokea tena. Nikachota mwingine.