Mwalimu Aliyetufundisha Kuuma Risasi

Habari ilinifikia sokoni, katika mji wa Baraka hapa Fizi: mwalimu wetu wa Kiingereza amefariki katika kijiji cha Swima, kwa malaria. Ndivyo wanavyosema. Wasomaji wangu mnajua kwamba hapa kwetu malaria hubebeshwa vifo vingi ambavyo hakuna aliyevichunguza, kwa hiyo naliandika neno hilo kama nilivyolipokea, bila kuliapia.

Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwembamba, mpole wa sauti. Alasiri alifundisha katika kanisa la mbao, na wanafunzi wake walikuwa watu wazima wenye tamaa ya kazi kwenye mashirika. Nilijiunga nao huku nikimtilia shaka: mtu anayefundisha Kiingereza mahali ambapo ofisi zote zinaandika Kifaransa, ametumwa na nani? Alipenda misemo ya kukaza roho. Waingereza, alitueleza, humwambia aliye taabuni aweke kidevu juu; na anayekubali maumivu yasiyoepukika, wanasema ameuma risasi. Tuliirudia kwa sauti, Kiingereza kisha Kiswahili, madirisha yakiwa wazi.

Kuna aliyesikia akapeleka neno. Wiki haikuisha, wanajeshi wakaingia kanisani, na komanda wao akauliza ni risasi gani hizo tunazofundishwa.

"Ni maneno tu ya Bangereza, komanda," mwalimu alijibu. "Banasema zamani muntu akipasuliwa bila dawa ya usingizi, alikuwa anauma risasi ili asilie."

"Na hiyo risasi, alikuwa anaipata kwa nani?"

Walimtia kasho, chumba chao cha mahabusu. Alipoachiliwa, uso ukiwa bado umevimba, alirudi moja kwa moja kufundisha. Sisi tulikaa tukipimana kwa macho, kila mmoja akijiuliza nani kati yetu alikuwa amemsema. Sijajua hadi leo.

Baadaye alipata kazi ya ukalimani katika shirika moja la misaada. Siku moja, nami nikiwapo, mgeni mmoja wa shirika hilo alikuja kuwaarifu wakimbizi kwamba mgao wa chakula umepunguzwa. Alimaliza kwa tabasamu, akiwasihi waweke videvu juu. Mwalimu akatafsiri: "Anasema muvumilie. Ye mwenyewe, sijui anavumilia nini." Watu wakacheka, na mgeni akacheka pamoja nao. Lakini kuna aliyemweleza mgeni maana ya maneno yale, kwani kesho yake mwalimu hakuwa na kazi.

Nilimkuta kanisani akipanga mabenchi. Nikamuuliza kwa nini bado anafundisha misemo ambayo yeye mwenyewe haiamini.

"Nabafundisha," alisema, "ili siku bakiambiwa, bajue bameambiwa nini."

Kuvumilia tunajua, katika Fizi hii hatuhitaji mwalimu wa somo hilo. Nilichojifunza kwake ni kingine. Siku hizi mtu akinihimiza nikaze roho, sikatai, ila kwanza namtazama: amesimama wapi, na ni nani anayefaidika nikinyamaza?