Kitabu Kilichoanzia Mwisho

Fundi wa kujalidi vitabu, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi, hakuwa msomaji. Msishangae. Maelfu ya vitabu yalikuwa yamepita mikononi mwake, akavivisha majalada na kuvipaka gundi mgongoni, lakini alivijua kama kinyozi anavyovijua vichwa vya watu, kwa nje tu. Msomaji alikuwa dada yake. Kwa miaka ishirini na miwili dada alikaa kwenye stuli ya dirishani, pale karakanani, akishona mikunjo, yaani yale mafungu ya karatasi yanayopangwa moja baada ya jingine mpaka kitabu kitimie. Na kila fungu alilisoma kabla ya kulitia sindano. Kazi ilichelewa, wateja wakanung'unika, yeye wala hakuwa na habari nao.

Sasa ile stuli ilikuwa tupu mwaka wa pili. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika dada macho yote mawili, akabaki anaona mwanga na vivuli. Daktari wa macho, ambaye alifika hospitali yao mara moja tu kwa mwaka, alikuwa amempangia kupasuliwa siku ya Alhamisi. Na tangu Jumamosi dada alikuwa ameshikilia kwamba haendi.

Chanzo kilikuwa redio. Mhubiri mmoja alikuwa ameingia kwenye Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia, na kalamu yake, akajumlisha vichwa na pembe za mnyama, akatangaza kwamba dunia imebakiwa na miezi minne.

"Nikapasuliwe jicho la kutumia miezi minne?" dada alimwuliza Gundi. "Tena wakati kama huu kumkimbilia daktari si ni kukosa imani?"

"Dada, huyo mhubiri wako jana katangaza semina ya mwakani."

"Usinichekeshe, mdogo wangu, sina hamu. Nitafutie kitabu cha ufafanuzi, cha mtu aliyekaa chini akausoma Ufunuo bila haraka, uje unisomee. Kikisema kama mhubiri, habari ya daktari iishe hapo. Kikisema vingine, nitafikiri. Ila usiniletee cha kunibembeleza. Nitakijua tu."

Angekijua kweli, na hilo ndilo lililomnyima Gundi usingizi wa mchana. Mwaka mzima mwingine wa kumwona dada akipapasa ukuta kutafuta mlango! Hakutaka hata kuufikiria.

Kwa bahati, katibu wa kanisa alikuwa ameleta sanduku la vitabu vya maktaba ya kanisa vilivyogugunwa na panya, vijalidiwe upya. Jumatatu asubuhi Gundi alipekua sanduku, akapata vitatu vya kufafanua Ufunuo. Akavipanga mezani, akavigeuzageuza kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

Alianza na elimu aliyokuwa nayo, elimu ya uchafu. Mtu akisoma ukurasa huuachia alama, na jicho la fundi haliikosi. Kitabu cha kwanza kilikuwa safi, isipokuwa chati ya miaka iliyokunjwa katikati. Hiyo ilikuwa nyeusi kwa vidole. Basi watu walikuwa wakikiazima, wanafungua kalenda, wanaogopa wanavyotaka kuogopa, wanarudisha. Cha pili kilikuwa kinene, na baadhi ya kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana tangu kiwandani. Cha tatu kilikuwa chembamba na kimechakaa vibaya. Jalada halipo, kurasa za mwanzo hazipo, na panya walikuwa wamekula ukingo wote wa chini pamoja na namba za kurasa. Lakini kilikuwa kimechafuka sawasawa toka mbele hadi nyuma, na ndani mtu alikuwa amesahau kibanio cha nywele.

Uchafu ule ulimvutia. Hata hivyo hakutaka kuamua kwa uchafu peke yake, maana huenda kilitumika kuwekea sufuria. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akakaa kwenye stuli ya dada, akasoma. Alichagua mahali pamoja, wale nzige wenye nyuso za watu waliokuwa wakimtisha dada tangu utotoni, akatafuta kila kitabu kinasemaje.

Cha kwanza kilisema nzige ni ndege za kivita, kikatoa na tarehe. Cha pili kilitumia kurasa nne kwa neno moja la Kigiriki, na Gundi alipofika mwisho wake alikuwa amesahau kama kulikuwa na nzige. Cha tatu kilisema: waliosomewa barua hii kwanza walimjua nzige, alikwisha kula mashamba yao, tuanze na hofu yao kabla ya kuleta ya kwetu.

"Kumbe!" Gundi akasema peke yake, akaendelea kusoma mpaka chai ikapoa.

Kisha roho ikamsuta. Je, amekipenda kwa sababu ni kizuri, au kwa sababu anataka dada apasuliwe? Katibu alipopita mchana kuulizia kazi yake, Gundi akamwonyesha vitabu vyote vitatu.

"Mimi kazi yangu ni kuandika nani kaazima nini," katibu alisema. "Ila hiki kisicho na jalada hakikai rafuni. Wanaokirudisha huja na maswali, wananichosha. Wale wa chati huja na majibu."

Gundi hakuhitaji zaidi. Jioni ileile alikifumua kile chembamba, akasafisha mikunjo yake na kuianika dirishani katika marundo mawili, kubwa na dogo. Asubuhi akaishona, akakivisha jalada la kitambaa cha buluu, na mchana wa Jumanne akaenda nacho chumbani kwa dada.

Alianza kusoma, na mstari wa kwanza tu dada akakunja uso. Akafungua kinywa, akakifunga. Gundi akajua amechagua vibaya, lakini akaendelea. Kitabu kilieleza mji mpya ambao malango yake hayafungwi, na mto, na mti ambao majani yake ni ya kuponya mataifa. Mfafanuzi akauliza: ikiwa hata katika mji ule Mungu amepanda mti wa dawa, nani atasema kwamba kutaka kupona ni kukosa imani?

"Rudia hapo," dada akasema.

Akarudia mara mbili.

Jumatano walisoma yaliyobaki, nzige, mihuri, mnyama na pembe zake. Dada alisikiliza ametulia, ameegemea mto, akidakia kwa maswali. Penye hesabu, mfafanuzi alisema hazikuandikwa ili zijumlishwe, na kwamba nyingine yeye mwenyewe hazielewi, wala haoni haya kukiri. Dada akacheka. "Huyu ni mkweli," akasema. Gundi akasoma mpaka ukurasa wa mwisho, akakwama. Maneno yalikatika katikati ya sentensi.

"Kimeishaje hivi?" Akageuza ukurasa, hakuna kitu.

Dada akanyoosha mkono, akakichukua kitabu, akapitisha kidole ndani ya mshono taratibu, fungu kwa fungu.

"Umeshona rundo dogo mbele ya kubwa, Gundi. Mwisho umeuweka mwanzo."

Gundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote ya ufundi, na kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! "Ulijua?"

"Tangu mstari wa kwanza. Ufunuo nausoma tangu ungali unatambaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kujua unasikikaje hivyo. Maisha yangu yote nauingilia kwa mnyama. Nikifika mjini nimeshachoka kwa hofu, yale majani nayapita tu bila kuyaona. Jana umeniingiza kwa lango lile jingine."

Gundi hakujua kama amesamehewa au amesifiwa. Akakishika kitabu. "Nipe, nikakifumue sasa hivi nikipange vizuri."

Dada hakukiachia. Alikuwa bado anaupapasa mshono, na midomo ameibana kama zamani alipokuwa akikagua kazi ya mtu.

"Kiache. Nikishafunguliwa bandeji nitakifumua mwenyewe. Nyuzi zako zimelegea."