Kocha Alimchezesha Mdogo Wake, Sasa Anataka Mimi Nimkane

Admin, nifichie jina, ndugu wa mume wangu wamo humu na wanasoma kila kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Matiri, nimeolewa hapa Mbinga mjini. Mume wangu ni kocha wa mpira wa chuo kimoja. Mimi nasoma kwa mtandao kozi ya sheria na kanuni za michezo ya vyuo: nani anaruhusiwa kucheza, nani anawajibika mchezaji akiumia, mambo kama hayo. Nasomea kwenye simu huku naanika kahawa. Mama mkwe ananiita wakili wa mipira mbele ya wageni, na mume wangu anacheka kuliko wote.

Aliyeniheshimu ni mmoja tu, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ni mvuvi wa Chiwanda, chuo hajawahi kukanyaga. Akituletea dagaa lazima aulize, "Shemeji, leo umesoma nini?" Nikimweleza anasikiliza mpaka mwisho.

Mashindano ya vyuo yalipokaribia, mume wangu alikosa mshambuliaji. Akamwita shemeji, akamvalisha jezi na kumpa kitambulisho cha mwanafunzi aliyekuwa kwao anauguza. Mamluki kabisa. Nikamwambia, "Baba Beata, huyu akiumia chuo kitamkana."

Akanijibu, "Wewe anika kahawa."

Akaumia. Mguu umevunjika vibaya juu ya goti, anatakiwa hospitali kubwa, na chuo kinasema hakimjui, hakilipi matibabu. Sasa ndiyo nyumba nzima imekumbuka kwamba nimesoma. Wanataka nisimame mbele ya kamati ya chuo, niseme kwa lugha ya sheria kwamba shemeji aliiba kitambulisho na kocha akadanganywa. Mama mkwe kasema mguu umeshaharibika, kazi isiharibike nayo. Mguu wa mwanawe wa kumzaa, jamani. Nikikataa, mume wangu amesema nirudi Matiri peke yangu, watoto wanabaki. Nikikubali, shemeji anakosa matibabu na kesi ya wizi inamngoja.

Nilikwenda wodini nimwambie yanayopangwa. Nesi akamwita kwa jina la yule mwanafunzi, maana ndilo aliloandikishiwa, naye akaitika. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Shemeji, mimi siogopi," akasema. "Kaka alinihakikishia kabla ya mechi kwamba wewe umeangalia sheria, ukasema naruhusiwa. Nilikuwa nimekataa. Niliposikia ni wewe, nikavaa jezi."

Nilimlisha uji mpaka ukaisha, nikaondoka, na nimelia njia nzima kwa hasira.

Kamati inakaa wiki hii na shemeji bado anangoja nimtetee. Ndugu zangu, nishaurini. Nikisema ukweli napoteza wanangu. Na yeye nimwambieje kwamba kaka yake alimpeleka uwanjani kwa jina langu?