Mpunga wa Ndoo ya Arobaini na Moja

Kwenye kituo cha utafiti wa kilimo walimwita Bi Kibano, kwa kuwa miaka kumi na tisa kibano hakikumtoka mkononi. Kazi yake ilikuwa kuzalisha mbegu mpya za mpunga: kukata ncha ya ua dogo kuliko punje, kutoa vifuko vya chavua kimoja kimoja, kisha kulivika suke mfuko wa karatasi mpaka alipatie chavua ya mpunga mwingine. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Moyo wake ulikuwa mzito kumwamini mtu. Binti yake alisema mama akisalimiwa hujiuliza kwanza anatakiwa nini.

Mwaka ule walitafuta mpunga wa kustahimili joto. Mpunga huvumilia mengi, lakini jua kali likiukuta siku ya kufungua maua, chavua hufa, na mkulima huvuna mapepe: maganda mazuri, ndani hamna kitu. Basi ndoo sitini za mpunga, kila moja na mbegu yake, ziliingizwa kwenye chumba cha joto zilipoanza kutoa masuke. Kila siku saa tatu asubuhi mitambo ilipandisha joto hadi nyuzi thelathini na tisa, na ilipofika alasiri ikalishusha.

Siku ya kuvuna, ndoo hamsini na tisa zilitoa mapepe. Ya arobaini na moja ilijaa punje.

Mkuu wa utafiti alifurahi. Bi Kibano alikunja uso. Ndoo ile ilikuwa na damu ya mpunga-mwitu, mmea mkorofi aliouchanganya bila matumaini makubwa. Tena ilisimama karibu kabisa na mlango. Na ufunguo wa mlango alikuwa nao mtu mmoja tu, fundi mitambo, mume wa mdogo wake. Msimu uliopita mitambo ya fundi ilizidisha joto ikaunguza kila kitu, akachekwa kituo kizima. Bi Kibano aliona jambo liko wazi: safari hii shemeji alikuwa akifungua mlango kuingiza hewa, asichekwe tena. Kikulacho ki nguoni mwako.

Walipoanza jaribio la pili, jioni moja alibandika uzi mwembamba mlangoni. Asubuhi akaukuta umekatika. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu, akasema mbele ya watu wote waliokuwa ofisini kwamba shemeji hufungua mlango kwa siri. Mkuu hakumlaumu mtu. Aliagiza tu ndoo ya arobaini na moja ihamishiwe kona ya ndani. Lakini maneno hayana miguu na bado hufika. Jioni ile ile mdogo wake alipiga simu.

"Dada, mume wangu amekuwa mwizi?"

Alimjibu kwamba hakusema mwizi, alisema mlango. Mdogo wake akakata simu.

Masuke yalipochanua, Bi Kibano alidamka, akafika kituoni saa kumi na mbili na nusu ili amkamate shemeji. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, ila si kwa ufunguo. Aliusukuma, akamkuta fundi ameinamia kipimajoto, kalamu na daftari mkononi.

"Unafanya nini humu saa hizi?"

"Nasoma joto, shemeji. Kila siku, kabla sijawasha. Yote yameandikwa. Hujawahi kuuliza."

Alilichukua daftari akalipekua akitafuta kosa, asilione. Kisha akainua macho kutazama kona ya ndani. Maua ya ndoo ya arobaini na moja yalikuwa wazi, vifuko vya njano vikining'inia. Ndoo nyingine zote zilikuwa zimefumba kimya. Tangu aanze kazi hakuwahi kuona mpunga ukifungua maua kabla ya saa tatu. Alivuta kigoda akakaa. Ilipofika saa mbili maua yalikuwa yamekwisha kufumba, yameshika mimba. Joto lilipokuja halikukuta kitu cha kuharibu.

"Na wewe ulikuwa ukiyaona haya siku zote?"

"Niliyaona. Nikadhani ndivyo mpunga ulivyo. Mimi ni mtu wa mitambo."

Hata hapo hakusadiki. Alirudi asubuhi saba mfululizo. Akatoa shina moja nje, mbali na mitambo na mbali na shemeji. Nalo likafungua alfajiri.

Siku ya nane alikwenda kwa mdogo wake kuomba radhi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba alichafuliwa ofisini, basi na asafishwe huko huko. Kesho yake Bi Kibano alisimama mbele ya watu wale wale akasema amemsingizia.

Mpunga wenyewe bado una kasoro: punje hupukutika kabla ya kuvunwa, kama za mababu zake wa mwituni, hivyo anauchanganya upya. Fundi alimsamehe upesi. Mdogo wake ilimchukua miezi miwili kupiga simu, na alipopiga, Bi Kibano alijizuia asimuulize anataka nini.