Refa wangu alinikana mara tano kwenye simu: yaliyonikuta nikitafuta kazi ya sheria Joburg

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni wa kusoma kimya kimya na kupita, miaka mingi sasa. Leo nimeona nami niweke la kwangu. Sitaongeza chumvi, maana lilivyo tu linatosha.

Utambulisho kidogo. Mzaliwa wa Kigoma, niko Johannesburg tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilikuja na mama, yeye ni msusi, tunaishi Troyeville. Makaratasi yetu yako safi, tuna makazi ya kudumu. Kwa hiyo wale mnaotaka kuandika "ulikosa kazi sababu ya permit" mtulie kwanza. Natamani ingekuwa permit.

Mwaka 2016 nikamaliza digrii ya sheria. Mama alishona sare kwa ajili ya mahafali, akapika, akaalika mtaa mzima wa Waswahili. Akina mama wa Kikongo wakanishangilia "maître, maître", yaani wakili kwa Kifaransa, mpaka nikaona aibu.

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kwa wasiojua: huku ukimaliza sheria huwi wakili hivi hivi. Lazima ofisi ya mawakili ikuchukue, ufanye kazi chini yao miaka miwili. Wanaita articles. Bila articles, digrii yako ni ya kutundika sebuleni kwa mama. Na nafasi ni chache, waombaji ni wengi balaa.

Nikaanza kutuma maombi. Mwaka 2017 wote nilikuwa natuma maombi. Sandton, Rosebank, mjini, kokote kwenye kibao cha attorneys.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Sikuwa wale wasioitwa. Mimi niliitwa! Interview ya kwanza nikatoka nacheka. Jamaa wakanipa mkono, mmoja akaniuliza naweza kuanza lini. Nikamwambia hata kesho.

Kimya.

Ya pili hivyo hivyo. Tena ile ilikuwa ofisi kubwa, wakanitembeza mpaka kwenye maktaba yao, wakanionyesha na meza. Baada ya wiki nikapata email ya mistari miwili: asante, tunakutakia mema.

Ya tatu hata email hawakutuma.

Nikaanza kujiuliza maswali ya ajabu. Nina harufu? Nacheka vibaya? Mama naye akaanza kuzunguka zunguka kwenye maneno. Mwisho akasema wazi: "Mwanangu, mwaka ukiisha hakuna kitu, njoo ukae saluni. Ususi nao ni kazi." Hakusema kwa ubaya. Niliumia kuliko angesema kwa ubaya.

Ikabaki ofisi moja tu. Ndogo, iko Kensington, juu ya duka la vitasa na funguo. Mwenyewe ni mama mmoja wa makamo, wakili, mkali wa macho lakini mtu wa haki. Interview ilienda vizuri. Akasema atanipigia "just now". Wanaoishi huku mnaijua hiyo "just now". Inaweza kuwa leo, inaweza kuwa mwakani.

Siku zikapita. Nikaona dalili ni zile zile. Nikaamua kwenda chuoni, kwenye ile ofisi inayosaidia wanafunzi na wahitimu kutafuta kazi. Nilikuwa naidharau, nasema ukweli. Niliona ni ya wasiojua kuandika barua. Na kwa wahitimu wanakuhudumia mwaka mmoja tu, wangu ulikuwa umebaki na wiki kadhaa.

Nikakutana na mama mmoja, Ma Khumalo. Mtu mzima, miwani kwenye kamba shingoni. Akasoma CV yangu yote kwa kalamu mkononi. Akasoma barua. Akanifanyia interview ya majaribio, akanibana hasa. Mwisho akaweka kalamu chini.

Akasema hapa hakuna tatizo. CV nzuri, barua nzuri, unajieleza. Mtu anayefanya interview tatu nzuri halafu anapotea, tatizo huwa liko kwa referees, wale watu unaowaandika kwenye CV wakushuhudie.

Nikacheka. Nikamwambia haiwezekani. Mmoja ni mwalimu wangu wa chuo, ana barua kabisa aliyoniandikia. Mwingine ni Papa Elie.

Niwaambie Papa Elie ni nani.

Ni fundi cherehani, Mkongo wa Fizi, ana karakana yake Jeppestown. Anashona majoho ya kwaya, sare za shule, suti za harusi. Miaka yote minne ya chuo nilifanya kazi kwake Jumamosi na likizo. Napima wateja, naandika vipimo, naongea Kiingereza na wenye shule. Alinipenda kama mwanaye. Siku za mtihani alikuwa ananifukuza: "Enda usome, vitambaa bitabakia hapa."

Nilipoandika CV nikamwomba niweke jina lake na namba yake. Nikamwambia utakuwa refa wangu. Akaniuliza mechi gani. Tukacheka. Akasema weka tu, mutoto yangu.

Basi. Sikueleza zaidi. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo, wakuu. Kwetu refa ni pambo la CV. Unaweka mchungaji, unaweka mwenyekiti wa mtaa, nani amewahi kumpigia? Mimi kwenye akili yangu nilijaza tu nafasi.

Ma Khumalo akasema ngoja tupige. Mbele yangu. Akaweka spika.

Simu ikaita. Ikapokelewa. Nikasikia cherehani kwa nyuma, nikatabasamu.

Ma Khumalo akajitambulisha kwa Kiingereza kizuri, akasema anauliza habari za Zawadi fulani, ndiyo mimi, kwamba aliwahi kufanya kazi hapo.

Halafu sauti ya Papa Elie, ile ile ninayoijua: "No. I don't know this person."

Ma Khumalo akarudia jina taratibu.

"No, no. Never. Here only clothes. Sorry."

Akakata.

Wakuu, nilihisi kiti kinazama. Nilimtazama Ma Khumalo, naye akanitazama. Yale macho sitayasahau. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama cheti cha kughushi.

Akauliza kwa upole kabisa: "Zawadi, umewahi kufanya kazi pale?"

Nikaapa. Nikalia. Nikasema miaka minne. Hata mimi nilivyojisikia nilikuwa nasikika mwongo.

Na eleweni hali ilivyo. Sheria ni kazi ya uaminifu. Ukidanganya kwenye CV ya uhasibu labda utasamehewa, ya uwakili umejimaliza. Zile ofisi tatu hazikuniona sifai. Ziliniona tapeli! Na ya Kensington ilikuwa njiani kuniona hivyo hivyo.

Sikumbuki nilivyofika Jeppestown. Nakumbuka tu nilivuka robot, taa za barabarani, ikiwa nyekundu, dereva akanitukana kwa Kizulu, nami nikaona ananionea huruma.

Papa Elie alikuwa anakata kitambaa cha joho, zambarau. Kuniona tu akaweka mkasi, akafunga mlango, akanivuta pembeni. Uso umejaa wasiwasi.

"Mutoto yangu, sikiya. Leo tena banakutafuta."

Nikamwuliza nani.

"Mwanamuke. Kizungu mingi. Lakini usiogope, nilimuambia simujue. Na bale bengine pia nilibaambia. Sikutaka kukuambia, utakosa usingizi."

Akafungua daftari la vipimo. Lile ambalo mimi mwenyewe nililichora mistari: kifua, kiuno, mikono. Ukurasa wa mwisho kabisa, kwa mwandiko wake wa kulala, kulikuwa na namba za simu tano. Mbele ya kila moja ameandika herufi kubwa: ZAWADI — HAPANA.

Namba nne za kwanza nilizijua bila hata kutoa simu yangu. Sandton. Rosebank. Ile ya mjini. Kensington. Ya tano ilikuwa ya Ma Khumalo.

Alizihifadhi ili kama wakirudi, awatambue.

Nikapiga kelele. Najuta mpaka leo, lakini nilipiga kelele. Nikamwambia Papa, hao walikuwa wanataka kunipa kazi! Ulitakiwa kusema ndiyo! Neno moja tu, ndiyo!

Akakaa chini. Kisha akanieleza jambo ambalo miaka minne hajawahi kulisema.

Alikuwa na mdogo wake, Bahati. Walikimbia vita pamoja, wakafika huku pamoja, wakafungua karakana ile pamoja. Siku moja ikapigwa simu. Kizungu kizuri, sauti ya heshima. Inauliza: unamjua Bahati?

"Nilisema ndiyo. Ndiyo, namujua, ni mudogo yangu, kesho atakuwa hapa. Nilifurahi hata, nikafikiri ni mutu wa kazi."

Kesho yake watu wa uhamiaji wakaja na gari. Karatasi ya Bahati ilikuwa imepita muda wake. Wakambeba na tepe ya kupimia ikiwa bado shingoni. Wakamrudisha Kongo, na huko hakumaliza mwaka akiwa hai.

"Juu ya ile ndiyo yangu," akasema. "Juu ya neno moja."

Nikakaa chini kando yake.

Na jamani, mimi siwezi kujifanya sikujua. Nimekulia Troyeville. Mgeni akibisha hodi, akauliza mtu kwa Kiingereza, mtaa mzima haumjui huyo mtu. Hata kama anaoga hapo ndani. Mama alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, mlangoni pale pale. Kwetu kusema simjui ni kumpenda mtu. Niliijua desturi hiyo, halafu nikachukua namba ya mtu wa desturi hiyo nikawapa mawakili.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia basi, yameisha, nitakaa saluni.

Papa Elie akainuka. Akavua tepe shingoni, akavaa koti lake la suti, lile la kanisani. Akachukua karatasi yake ya ukimbizi, akaikunja mfukoni. Nikamwuliza anaenda wapi.

"Iko wapi, ile ofisi ya Kensington?"

Wakuu, huyu mzee alikuwa haingii ofisi yoyote yenye mlinzi mlangoni. Hata benki alikuwa ananituma mimi. Tulienda kwa miguu mpaka Kensington, jasho linamtoka.

Yule mama wakili alitupokea kwa baridi. Mimi nikafungua mdomo nieleze, Papa Elie akanizuia kwa mkono. Akasimama mbele ya meza. Akatoa ile karatasi yake, akaiweka pale juu, wazi, jina na picha.

Akasema kwa Kiingereza chake: mimi ndiye uliyenipigia. Nilisema simjui. Nilidanganya. Namjua. Miaka minne. Namjua.

Halafu akaeleza habari za Bahati, Kiingereza kikimwishia anaingiza Kifaransa, Kifaransa kikimwishia ananyamaza.

Yule mama kwanza hakuigusa karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaikunja karatasi yeye mwenyewe vizuri na kumrudishia kwa mikono miwili. Kwangu akasema tena neno lile lile: "I'll call you just now."

Nikajua imekwisha.

Alinipigia siku hiyo hiyo, hatujafika hata nyumbani. Nilianza articles mwezi uliofuata.

Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna kipande kimoja ndicho kilichonifanya niandike uzi huu.

Mwaka huu, 2019, nimo mwisho mwisho wa articles. Niko mezani kwangu, Kensington, simu ya ofisi inaita. Napokea. Mwanaume, Kiingereza safi, sauti ya heshima. Anasema anapiga kuhusu maombi fulani ya makaratasi. Anauliza: unamjua mtu anayeitwa Elie, fundi cherehani, Jeppestown?

Wakuu, Mungu ni shahidi. Mimi, mtu wa sheria, na suti mwilini, nilisikia mdomo wangu unasema "No..."

Ilitoka yenyewe. Nusu yake ilikuwa imeshatoka.

Nikaumeza ulimi. Nikamwomba jamaa samahani, laini ilikuwa mbaya. Nikamwuliza jina lake, anatoka ofisi gani, anataka nini, nikaandika yote. Ndipo nikasema ndiyo. Namjua. Namjua miaka sita.

Kumbe Papa Elie ameomba makazi ya kudumu, na kwenye fomu walitaka mtu wa kumthibitisha. Ameniweka mimi. Hakuniambia. Jioni nikamwuliza mbona hukunieleza, Papa? Akasema sasa tuko sawa, wewe pia hukunieleza mechi.

Nilicheka, halafu nikaingia chooni nikalia.

Funzo langu ni dogo, wahitimu mnisikie hasa mlioko ughaibuni. Refa si pambo. Kabla hujaandika namba ya mtu, kaa naye umweleze nani atapiga, kwa lugha gani, atauliza nini. Mwulize pia anaogopa nini, hilo ndilo mimi sikuuliza. Na ile ofisi ya kazi chuoni msiidharau kama mimi. Bila Ma Khumalo ningekuwa nasuka nywele za twende kilioni hadi leo, na nachukia ofisi tatu za mawakili bure.

Majibu ya Papa Elie bado hayajatoka. Kila simu ikiita tunatazamana.

Haya, nimemaliza, semeni nanyi. Kuna mwingine humu aliyewahi kukanwa na mtu anayempenda? Au mimi ndiye niliyekuwa mshamba peke yangu?