Game yetu ilimpelekea Babu msiba akiwa hai, waombolezaji ikabidi wamwamkie kwanza

Wakuu, wakubwa shikamooni. Tunaolingana, mambo vipi. Wadogo kama mpo nimewasalimia pia. Samahani kwa mlolongo, huku kwetu ukiruka mtu mmoja habari inafika nyumbani kabla yako.

Ninachosimulia kimetokea kweli na mashahidi ni kijiji kizima. Majina ya watu nimeyaficha au kuyabadili, na jina la Babu ndiyo kabisa halitoki hapa. Kuhusu majina nimeshafundishwa.

Mimi ni kijana wa Gendabi, Hanang, mkoani Manyara. Nimeishia darasa la saba. Naishi na Babu na Bibi, wazazi wa mama, wao ndio walionilea.

Mimi sio muongeaji. Kwangu mimi kupita mbele ya wazee watano waliokaa na kuwaamkia mmoja mmoja ni kazi kuliko kupalilia ekari nzima. Sauti inagoma, mikono sijui niiweke wapi.

Ninachoweza ni kuchora. Nachora kwenye simu kwa kidole, polepole.

Jirani yetu Paskali yeye anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Likizo akirudi anasimamia banda lao la kuchajia simu kwa sola. Ndiye aliyenijia na habari za game jam.

Kwa wasioijua: ni mashindano ya mtandaoni. Mnapewa mada moja na siku chache, mnatengeneza game kutoka sifuri mnaipandisha, wengine wanaicheza na kuitolea maoni. Zawadi hakuna, ni sifa na kuchekana tu.

Sisi tulipewa siku kumi. Mada ilikuwa "Mgeni".

Paskali akasema atafanya code, mimi nichore na kuandika maneno. Tukakubaliana iwe RPG, yaani unakuwa mtu fulani ndani ya game, unaongea na wengine, unachagua cha kujibu, na vita vinakwenda kwa zamu.

Sasa wazo nilikuwa nalo tayari, na nalileta hapa kwa aibu.

Wiki chache nyuma Babu aliugua kifua. Tulipanda naye basi mpaka hospitali ya Haydom, akalazwa. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi na hofu yangu, na hofu ikizidi mimi huwa nawaza ujinga. Nikawaza: Kifo akifika leo nyumbani Gendabi kumtafuta Babu, atamkuta nani?

Atamkuta Bibi.

Na Bibi hawezi kumruhusu mgeni aseme shida yake kabla hajaulizwa habari za safari, za nyumbani, za watoto, za mifugo, na mvua huko alikotoka ikoje. Halafu ale. Nikaona kabisa, Kifo anamaliza kunawa mikono, Babu keshatibiwa na basi limerudi.

Nilicheka peke yangu. Mama mmoja aliyekaa pembeni akahama benchi.

Babu akapona, tukarudi. Wazo likabaki.

Basi game yetu ilikuwa hivyo. Kifo anapiga hodi nyumbani kwa mzee mmoja. Wewe ni mjukuu. Huna panga wala uchawi, silaha yako ni salamu. Kila swali zuri la kumjulia hali linamchelewesha. Ukirudia uliloshauliza anakushtukia. Ukiishiwa, anakohoa kidogo na kusema, "Basi, mimi nimekuja kwa shida moja." Hapo umeshampoteza mtu.

Kifo nilimchora kijana mwembamba, shati limechomekewa, begi mgongoni, kama hawa wanaokuja kuandikisha kaya. Kuanza naye ilikuwa lazima mjukuu aseme, "Shikamoo."

Mzee nilimchora Babu. Kofia yake, fimbo yake, pengo lake la mbele. Na jina nikaandika la kwake, kamili, mpaka la ukoo.

Nilifanya kwa upendo wakuu. Naomba mniamini hapo.

Siku ya tano Paskali akasema tunahitaji watu wa kuijaribu. Bila kuuliza mtu, akaiweka kwenye simu tatu zilizoletwa kuchajiwa. Akaongeza na kitu cha kumkumbusha mchezaji arudi kucheza: ujumbe unaotokea wenyewe juu ya kioo, hata game ikiwa imefungwa.

Nilimuuliza, "Wenye simu watajua?"

"Wataona picha mpya, watagusa, watacheza. Watu wa hapa wanapenda game."

Simu mojawapo ilikuwa ya mama kiongozi wa kwaya.

Kesho yake saa nne asubuhi niko uani nachambua maharage, Babu kakaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Nikaona watu wanakuja. Akina mama mbele na kuni kichwani, mmoja ana beseni la unga. Wanaume nyuma wamebeba mabenchi. Mmoja ana koleo.

Walikuwa wanalia. Walipofika karibu na kumwona Babu na mpini wake, kilio kikakatika kama redio iliyoisha betri.

Babu akainua macho, akawatazama, akangoja.

Niwaulize wakuu, ungefanya nini? Umekuja kumzika mtu, amekaa mbele yako, na ni mkubwa kwako. Yule mwenye koleo akasimama wima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na yule ng'ombe aliyevunjika mguu?"

"Anaendelea, mzee."

Ikabidi wafuate wote. Mmoja mmoja walimwamkia marehemu, na marehemu akawaitikia, akawauliza habari za nyumbani kwao. Akina mama hata kuni walikuwa hawajazitua.

Salamu zilipoisha Babu akauliza, "Mbona na koleo?"

"Hili? Nimepita nalo tu mzee."

"Na mabenchi?"

"Nayo tumepita nayo."

Mama wa kwaya akashindwa kuvumilia. Akatoa simu, akasema yeye habari ameipata humu na kila mtu anajua mzee alikuwa Haydom juzi juzi tu. Babu haoni vizuri maandishi. Akaniita mimi nisome.

Kusoma mbele ya watu kwangu ni adhabu tosha siku yoyote ile. Siku hiyo nilisoma hivi: "Kifo kimefika nyumbani kwa Mzee", halafu jina lake, la kwanza, la baba yake na la ukoo. "Gusa hapa umkaribishe."

Babu akanigeukia.

"Nani kaandika?"

"Mimi, babu."

Hakunipiga. Aliwageukia wageni akasema, "Kuni ziacheni. Siku yenyewe ikifika mtakuwa mmeshatangulia kazi." Baadhi walicheka. Wazee wawili hawakucheka, walisema kumtaja mtu hai na Kifo, tena aliyetoka kuugua, ni kumwonyesha Kifo njia.

Jioni ile nilimwendea Babu. "Shikamoo babu."

Kimya.

Asubuhi, "Shikamoo babu." Akaendelea kunywa uji.

Walioko mjini mnaweza kuona ni jambo dogo. Huku, ukimwamkia mzee wa nyumbani kwako asiitike, ni kama hajaona mtu. Huwezi kumwomba kitu, huwezi kukaa alipokaa, huwezi kuuliza leo tunalima upande gani. Nililala ndani ya nyumba ile nikiwa nje.

Siku ya tatu ya kimya Bibi akaninong'oneza kwamba Babu ameulizia kama mjomba wa Katesh bado anatafuta kijana wa kukaa naye. "Mbembeleze babu yako," akasema. "Ikifika Jumatatu hajakuitika, mimi nitakufungia nguo zako na sitaweza kusema neno."

Game ilitakiwa kupandishwa Jumapili saa tisa alasiri. Nikamwambia Paskali afute.

"Tubadilishe jina tu."

"Futa yote."

"Siku nane zote hizi? Wewe kafute mwenyewe, mimi mkono wangu haufuti."

Basi Jumamosi mchana nikaenda na simu mpaka alipokaa Babu, nifute mbele yake ashuhudie. Nikakuta ana mgeni, rafiki yake wa miaka mingi, mfugaji, nimwite Mzee Gida. Hao wawili hawajawahi kukaa pamoja bila kuchokozana.

"Shikamoo babu." Kimya. "Shikamoo Mzee Gida."

"Marahaba. Ndiyo wewe? Lete hiyo simu. Nimwone huyo aliyekuja kumchukua rafiki yangu akakuta amenuna."

Nikasema nimekuja kufuta.

"Utafuta nikimaliza. Nisomee."

Mzee Gida kusoma hajui. Kwa hiyo nikakaa chini nikawa nasoma kwa sauti maneno ya Kifo, na yeye ananiambia cha kujibu. Babu akageuza kigoda, akatupa mgongo.

Mzee Gida aliuliza habari za ndama. Akauliza habari za majani. Akauliza tena habari za ndama. Kifo akakohoa, akasema amekuja kwa shida moja, Babu akafa.

"Amekufa!" Mzee Gida akapiga paja. "Nyinyi wakulima mnakufa upesi hivi?"

Mgongo wa Babu ukasema, "Ni kwa sababu umemwachia mtu anayejua kuamkia ng'ombe tu."

"Basi cheza wewe."

"Sichezi na watoto."

Tukarudia. Babu akafa. Tukarudia, akafa mapema zaidi, maana Mzee Gida alimpa Kifo kiti kabla ya salamu kuisha.

Babu akashindwa kuvumilia. "Gida! Nani alikwambia umpe kiti? Mwambie huyo mtoto aanze tena mwanzo."

Nilikuwa mbele yake, mkono wake ungenifikia. Mzee Gida akanigeukia kwa heshima zote, "Mtoto, unaambiwa uanze mwanzo."

Nikaanza. "Kifo amepiga hodi. Unachagua: mwambie shikamoo."

"Gida, muulize, nani amwambie nani shikamoo?"

"Mtoto, unaulizwa."

"Mjukuu ndiye anamwamkia Kifo," nikasema, "kwa sababu Kifo ni mkubwa kuliko watu wote."

Babu akageuza kigoda mzimamzima. Akaivuta simu, akaisogeza mbali na macho, akamtazama yule kijana mwenye begi.

"Huyu?" Hapo alisahau kupitia kwa Gida. "Huyu hata ndevu hana. Aje kwangu, nyumbani kwangu, halafu aamkiwe? Yeye ndiye aanze!"

"Sawa," akasema Mzee Gida. "Ameanza. Mimi ndiye Kifo. Shikamoo mzee."

Babu akarudi kuchonga mpini.

"Shikamoo mzee," akarudia Gida.

Kisu kikaendelea. Maganda yanaanguka.

"Nimesema shikamoo!"

"Nimesikia," Babu akasema. "Sijaitika. Haya, ingia."

Mzee Gida akainuka. Akatazama mlango. Wakuu, mtu mzima na fimbo yake alishindwa kabisa kujua aweke wapi mguu. Halafu akaanza kucheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Nilijua alivyojisikia, nilikuwa na siku nne mlangoni.

Nikachukua simu nikakimbia kwa Paskali.

Tulikaa na hiyo kazi hadi Jumapili. Tukageuza mwanzo: sasa Kifo ndiye anayeamkia. Majibu yapo chini, mazuri mazuri, yanakushawishi uguse. Ukigusa lolote umemruhusu, na hata ukijua salamu zote za Manyara atakushinda tu mwisho. Njia ya kushinda ni kuiweka simu chini usiguse kitu. Kifo anasema shikamoo, anabadilisha mguu, anarekebisha begi, anasema tena. Jina la Babu tukalifuta, tukaandika Mzee tu. Kile cha kutuma ujumbe Paskali alikitoa mbele ya macho yangu.

Tukapandisha zikiwa zimebaki dakika chache.

Nikarudi nyumbani. Babu yuko palepale. Safari hii nilipita kimya, nimechoka kuongea na hewa, na Jumatatu ilikuwa kesho.

"Siku hizi watu hawaamkii?"

Nikasimama. "Shikamoo babu."

Akanitazama. Akaacha ipite muda. Wakuu, ule muda sikuumaliza nikiwa na pumzi, na yule mzee nina hakika alikuwa anafurahia.

"Marahaba," akasema. "Kaa. Umemwonyesha adabu yule kijana?"

Nikakaa, nikamweleza. Niliongea mimi, peke yangu, mpaka Bibi akatoka jikoni kuangalia ni nani anaongea. Nikamwambia na jina lake nimelitoa, asiwe na wasiwasi.

Akanuna. "Kwa hiyo mtu amekishinda Kifo, na watu wa huko hawatajua ni nani?"

Ndiyo hivyo. Hatukushinda jam. Wachezaji wengi waliandika kwamba game yetu imeganda. Mmoja tu alisema aliiacha wazi akapika, akala, akarudi, Kifo bado yuko mlangoni anamwomba radhi, na kwamba hajacheka hivyo tangu afiwe na mama yake. Hiyo nilimsomea Babu. Akaniambia nimjibu na nimpe pole.

Nilichojifunza: usiweke kitu kwenye simu ya mtu bila kumwambia. Na mtu hai muulize kabla hujamwandika, maana anaweza kukataa kuwemo, na anaweza pia kukataa kutolewa.

Sasa naomba maoni yenu. Babu anashikilia Kifo ndiye wa kuamkia kwanza, kwa kuwa ni mgeni na sura yake ni ya mtoto. Mzee Gida anasema Kifo ndiye mkubwa wa wote, aamkiwe, na Babu ni mkaidi tu. Wamekaa hapa pembeni yangu, wameniambia niwasomee kila mtakachoandika, kwa sauti.

Kwenu huko ingekuwaje? Karibuni. Ila anzeni na salamu, la sivyo hamtaitikiwa.