Bei ya Treni Ikiwa Bado Ujerumani

Siku ile naikumbuka kuliko siku nyingi za ujana wangu, mwanangu. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio na simu pale Nyamiaga, bisibisi mkononi, simu yangu ikaita. Nikatazama jina. Alikuwa mama yangu mzazi, na niliogopa kupokea.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi ulinionyesha picha ya ile treni ya mfano unayotaka kuagiza nje. Nilikuona ulivyoitazama, nami naijua ile furaha. Mtu mzima anaweza kulala chini sakafuni akaweka jicho sawa na reli, akaitazama injini ndogo kama kiganja ikivuta mabehewa yake, akasahau njaa. Watu watakucheka. Waache wacheke. Mimi sina nia ya kukukataza, nataka tu ujue kilichonipata.

Mama alikuwa kijijini kwetu Keza, kwenye nyumba yetu ya matofali. Kiangazi kile tulikuwa tumeezua paa la zamani lililokuwa linavuja kila mahali, na fundi alikuwa amekwisha kusimamisha kenchi mpya. Mama aliuza mbuzi wawili na kahawa ya msimu mzima, akapata milioni moja na laki moja, akanitumia kwenye simu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mji, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: mzigo wa mabati ukifika dukani, ninunue, nipakie, nipeleke. Yeye wakati huo alilala kwenye kijumba cha jiko, na magunia ya maharage yakiwa miguuni pake.

Nilipopokea simu aliuliza, "Mwanangu, mabati yamefika?"

"Bado, mama. Wanasema wiki hii."

"Mawingu yameanza kukaa upande wa Burundi."

"Nayaona, mama. Usijali."

Mabati yalikuwa yamefika siku nne nyuma. Niliyapita asubuhi nikienda kazini, yamepangwa barazani kwa mwenye duka, yanameremeta, nikageuza uso.

Nikueleze nilivyofika hapo, polepole, maana jambo lenyewe lina hatua nyingi na kila hatua nilidhani nimeielewa.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeona kwenye mtandao injini ya treni na reli zake, zimetumika lakini nzima, zinauzwa na mzee mmoja huko Ujerumani. Alitaka euro mia moja na hamsini. Nikatazama kwenye simu euro moja ni shilingi ngapi, nikazidisha, nikapata karibu laki nne. Nilikuwa na laki nne zangu mwenyewe nilizoziweka kwa mwaka mzima. Nikaona hesabu imekaa sawa kabisa. Nikamtumia yule mzee euro hamsini za kumfunga asiuze kwa mwingine, kisha nikamwandikia nikimwomba anisubiri wiki tano kwa hizo mia nyingine. Akakubali.

Utauliza kwa nini niliomba wiki tano na fedha ninayo. Hapo ndipo penye ujinga wangu, na ni ujinga wa mtu aliyekulia mpakani. Sisi wa huku tumezoea biashara na wenzetu wa ng'ambo. Ukitaka mawese au vitenge kutoka kwao na bei imetajwa kwa faranga yao ya Burundi, mjanja hana haraka. Anangoja. Faranga ikizidi kushuka kule kwa wabadilishaji fedha wa Kabanga, mpakani, shilingi zake zile zile zinanunua zaidi. Nimekua nikiona watu wakifanya hivyo, na nilijisifu kwamba mambo ya fedha za kigeni nayajua tangu utotoni. Kwa hiyo nikangoja euro ishuke.

Euro haikushuka. Kila asubuhi nilifungua simu kabla hata sijanawa uso, na kila asubuhi ilikuwa juu kidogo kuliko jana. Wiki ya pili nikasema itarudi. Wiki ya nne nikaacha kutazama kwa hofu. Wiki tano zilipotimia nikaenda benki, kwa sababu kadi niliyolipia ilikuwa ya benki, nikakuta na bei yao si ile ya kwenye simu. Ile ya kwenye simu ni ya kutazama. Benki inapokuuzia euro inaongeza chake, na mimi sikuwa nimeuliza.

Halafu yule mzee akaniandikia gharama ya kusafirisha: euro sabini. Nilishtuka kama mtu aliyekanyaga moto. Mzigo haukufika hata kilo mbili! Nilikuwa nimefikiria usafiri kama kifurushi cha kwenye basi la Biharamulo, unampa kondakta elfu chache kinakwenda. Akanieleza kwa upole kwamba reli zimepindwa na haziwezi kukunjwa, zinataka boksi kubwa, na ndege haitazami uzito peke yake, inatazama na nafasi boksi linayochukua. Ilikuwa kweli. Hata kwenye pikipiki, godoro ni jepesi lakini anayelibeba hawezi kupakia abiria mwingine.

Laki nne zangu zikawa hazitoshi tena. Fedha ya mabati ilikuwa mle mle kwenye simu. Nikachukua laki mbili. Nikajiambia nitazirudisha nikitengeneza redio kumi, kabla mabati hayajafika dukani.

Mzigo ukafika Mwanza. Nilidhani hapo sasa mateso yamekwisha, kumbe ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba kuna ushuru wa forodha na kodi. Na hizo, mwanangu, hazikuhesabiwa kwenye bei ya treni peke yake. Walichukua bei ya treni, wakajumlisha na ule usafiri ulioniumiza, wakavigeuza vyote kuwa shilingi kwa kiwango chao, ndipo wakatoza. Ilikuwa karibu laki tatu. Chini yake maneno mengine madogo: mzigo ukikaa ghalani kila siku ina malipo yake. Siku ya pili ujumbe mwingine, tarakimu imepanda. Siku ya tatu mwingine. Nilianza kuisikia simu ikilia hata ikiwa kimya. Chakula kilinishinda. Mchana natazama mawingu, na mawingu yanazidi kuwa meusi, na mama amelala jikoni.

Siku ya sita ya ghala nilipanda pikipiki kwenda Kabanga kwa shangazi yangu Adela. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mjane, na maharage yake wanunuzi wa ng'ambo waliyafuata wenyewe. Hakusoma zaidi ya darasa la nne. Nilimkuta ameketi juu ya gunia, anakagua maharage kiganjani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Umeoa kwa siri?"

Nikamwambia nataka anikopeshe laki tatu na nusu, kuna mzigo wangu umekwama.

"Mzigo gani?"

"Treni, shangazi."

Akaacha maharage. "Treni ya kupanda?"

"Ya mfano. Ya kuweka mezani."

"Ya mezani!" Akawageukia wanawake waliokuwa wakipepeta karibu yake. "Jamani, kijana wa mdogo wangu ameagiza treni. Itatoa chumvi upande huu wa meza kuipeleka upande ule." Wakacheka mpaka ungo mmoja ukaanguka. Nami nikacheka kwa aibu, kisha nikafuta macho kwa mkono wa shati. Shangazi akaliona hilo. Akanivuta pembeni, akasema, "Haya. Nieleze yote. Usinifiche hata shilingi."

Nikamweleza yote, hadi mabati. Hakunikatiza. Nilipomaliza akachota maharage akanimiminia mkononi.

"Haya bei gani?"

"Sijui, shangazi. Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Yapo wapi."

"Alaa! Kumbe unajua. Maharage haya yakiwa Keza yana bei yake. Yakifika hapa Kabanga yana bei nyingine, na hayakuongezeka hata punje. Mnunuzi akija kwangu simtajii bei kabla hatujapatana nani analipa gari, nani analipa wapakiaji, na ushuru ni wa nani. Wewe uliuliza treni bei gani ikiwa bado Ujerumani. Wewe unakaa Ujerumani?"

"Hapana."

"Na hilo la kusubiri, nani alikufundisha?"

"Si ndivyo tunavyofanya wote hapa?"

"Yewe! Tunasubiri kwa sababu fedha yao inashuka haraka kuliko yetu. Anayeumia kwa kusubiri ni mwenye fedha inayoshuka. Kwa huyo Mjerumani wako, mwenye faranga ni wewe."

Miaka yote niliwaona wenzetu wa ng'ambo wakihangaika kila asubuhi kuuliza kiwango, wakikimbia kununua kabla jua halijapanda, na sikuwahi kufikiria kwamba mbele ya mtu mwingine nami nasimama mahali pao.

"Basi nikopeshe niutoe, yaishe," nikasema.

"Sikukopeshi. Ukiutoa, utakuwa umelipa laki tatu na nusu juu ya hasara, na mama yako hana paa. Kilichokwenda kimekwenda. Mwandikie huyo mzee, muulize kama atakubali mzigo urudi kwake, akurudishie fedha. Na leo hii, kabla hujarudi kwenye redio zako, nenda Keza ukamwambie mama yako."

"Shangazi, hilo siwezi."

"Utaweza. Nauli ya pikipiki hiyo nakupa."

Nikaenda. Mama alikuwa ameketi chini ya kenchi tupu, ndani ya kile kilichopaswa kuwa sebule, anamenya maharage. Nikachuchumaa mbele yake nikasema yote ya treni na ya fedha bila kupumzika. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiendelea kumenya.

"Kila siku uliniambia mabati hayajafika," akasema. "Yalikuwa hayajafika kweli?"

"Yalikuwa yamefika, mama."

Hapo ndipo mikono iliposimama. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Alitazama juu kwenye zile mbao, kisha akasema, "Fedha iliyobaki, za mabati ya chumba cha kulala na sebule zinatosha?"

"Zinatosha. Chumba cha nyuma ndicho kitakachobaki."

"Kanunue kesho asubuhi."

Nikanunua asubuhi. Fundi akamaliza kupigilia siku ya pili jioni, na mvua ikanyesha usiku ule ule, mvua ya kelele, na mama akalala kwenye pakavu. Chumba cha nyuma tulikifunika kwa turubai msimu wote. Upepo ukilipiga nililisikia, na kila nilipokwenda Keza nilipanda mwenyewe kulifunga upya.

Yule mzee wa Ujerumani alikuwa mtu mwema. Alikubali treni irudi, akakata gharama ya kuirudisha pamoja na malipo ya ghala, akanitumia kilichobaki. Na hapo nikajifunza la mwisho: benki iliyoniuzia euro kwa bei ya juu ilizinunua kutoka kwangu kwa bei ya chini. Kilichonifikia, pamoja na redio nyingi nilizotengeneza, kilitosha mabati ya chumba cha nyuma, lakini mvua zilikuwa zimekwisha kupita.

Sasa, mwanangu, treni yako. Inunue. Mimi mwenyewe baada ya miaka mitatu niliagiza nyingine, nikaipata, na wewe umeichezea ukiwa mdogo. Ila kabla hujatuma hata senti, muulize muuzaji ukubwa wa boksi lenyewe, siyo uzito tu, akupe na gharama ya kulifikisha. Uliza benki wanakuuzia euro kwa bei gani leo, usitegemee ile ya kwenye simu. Jumlisha treni na usafiri, kisha uliza watu wa forodha watatoza nini juu ya jumla hiyo. Ongeza nauli ya kutoka Mwanza hadi hapa mlangoni kwako. Hiyo ndiyo bei. Kama unayo yote, lipa siku hiyo hiyo, usikae kungoja kiwango kikuhurumie. Kama huna yote, hiyo treni bado si yako, na si aibu, kaa uweke akiba. Acha pia kidogo pembeni, maana kiwango hakikuulizi kabla ya kubadilika.

Fedha uliyopewa ukamnunulie mtu kitu, iweke mbali na simu unayotazamia treni. Na ikitokea umekosea, kwa sababu hata mtu makini hukosea, mwambie mwenye fedha siku ile ile. Mimi treni nimeisamehe zamani. Ninachojutia mpaka leo ni zile siku nilizosema "bado", na mama yangu akiniamini.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe riziki ya kutimiza yanayokupasa, na akubakizie kidogo kwa ajili ya kile kinachokufurahisha. Mzigo wako ufike salama, na siku utakapoufungua uwe na moyo mweupe na watu wa kucheka nao.